Nauli Imepanda, Mfuko Uko Pale Pale

Barua nyingi safari hii zimegusa jambo moja: kupanda kwa nauli ya teksi. Madereva wanauliza faida imekwenda wapi. Abiria wanauliza mbona wanalipa zaidi ya kile kilichotangazwa. Kwa kuwa wasomaji wetu hutumia fedha tofauti, hesabu zote tumezifanya kwa pointi. Mahali pa pointi weka fedha yako, uwiano ni ule ule.

Naendesha gari la tajiri. Nauli ilipanda asilimia 20, sasa ni mwezi wa pili, lakini jioni nikihesabu nabaki na kile kile. Nani anakula hiyo asilimia 20?

Wanaokula ni watatu, na mmoja wao ni mguu wako wa kulia.

Tuchukue siku ya safari 12, kila safari pointi 10. Makusanyo ni 120. Toa hesabu ya tajiri, yaani kiasi anachodai kila siku, 40, mafuta 36, na 4 za kuosha gari, maegesho na vocha ya simu. Unabaki na 40. Sasa nauli iwe 12 na asipungue abiria hata mmoja: makusanyo 144, unabaki na 64. Nauli imepanda asilimia 20, mfuko wako umepanda asilimia 60, kwa sababu gharama zako hazikusogea. Ndiyo maana siku ya tangazo kijiwe kizima huchangamka.

Wa kwanza kula ni abiria asiyekuja. Safari zikishuka kutoka 12 hadi 10, mara 12 ni 120, umerudi ulikotoka. Ikariri kanuni hii: nauli ikipanda asilimia 10, makusanyo hurudi pale pale ukipoteza safari moja katika kila 11, ikipanda asilimia 20, moja katika kila sita, asilimia 25, moja katika kila tano, asilimia 50, moja katika kila tatu. Wanaoondoka mapema ni wa safari fupi, kwani wao wana miguu, basi na pikipiki. Mwenye mzigo, mgonjwa na anayerudi usiku wa manane hubaki. Kwa hiyo saa zinazokauka ni za mchana, na anayeng'ang'ania kijiwe chake cha mchana kwa mazoea huumia kuliko aliyehamia kituo cha mabasi ya mbali au lango la hospitali.

Wa pili ndio huo mguu. Makusanyo yakiwa yale yale 120, mfuko si lazima ubaki vile vile, maana safari 10 hula mafuta machache kuliko 12. Ukipaki na kusubiri, mafuta yatashuka hadi karibu 30, nawe utabaki na 46. Lakini dereva aliyezoea abiria wa kila dakika hawezi kukaa. Huanza kuzunguka na gari tupu akitafuta abiria. Mafuta yanarudi 36, yeye anabaki na 40. Hicho ndicho "kile kile" unachokiona.

Wa tatu ni tajiri. Akisikia tu nauli imepanda, naye anapandisha hesabu, tuseme kutoka 40 hadi 46. Aliyepaki sasa anabaki na 40, aliyezunguka anabaki na 34, yaani afadhali ya zamani. Hesabu ya siku haina habari kama abiria wamekuja au hawakuja.

Usikubali hesabu mpya wiki ya kwanza. Omba wiki sita, na katika wiki hizo andika kila jioni mambo manne: idadi ya safari, kilomita zote za dashibodi, kilomita ulizobeba abiria, na lita za mafuta. Gawanya kilomita za abiria kwa kilomita zote. Ukipata 0.55 wiki ya kwanza na 0.45 wiki ya nne, unatembea tupu kupita kiasi, na hapo dawa ni kupaki tu. Ukienda kwa tajiri, peleka daftari pamoja na pendekezo la fungu: theluthi moja ya makusanyo badala ya kiwango kisichobadilika. Siku ya 120 anapata 40 kama zamani, siku ya 144 anapata 48. Matajiri wengi hulikataa fungu kwa sababu hawaoni makusanyo ya kweli, na hofu yao ina msingi. Ripoti ya mita ya mwisho wa zamu huipunguza.

Mafuta yamepanda asilimia 10, nauli imepandishwa asilimia 20. Huu si wizi?

Kwa mafuta peke yake, hoja yako ina nguvu. Katika mfano wa hapo juu mafuta ni 36 katika 120, yaani asilimia 30 ya makusanyo. Yakipanda asilimia 10, gharama inaongezeka kwa 3.6, nayo hulipwa na nauli iliyopanda asilimia 3 tu. Wanaokuambia nauli lazima ifuate mafuta hatua kwa hatua wamesahau kugawanya.

Ila nauli rasmi hukaa bila kuguswa muda mrefu, huku matairi, betri, pedi za breki, bima na oili vikipanda kimya kimya. Ongezo moja kubwa mara nyingi hulipa deni la muda wote huo. Swali lenye meno la kuwauliza wanaopanga nauli ni hili: nauli iliguswa lini mara ya mwisho, na tangu hapo kila gharama imepanda kiasi gani? Wakikujibu kwa mafuta peke yake, hawajajibu.

Jirani yangu na mimi tunapanda teksi za mita zile zile. Yake imepanda kidogo, yangu imepanda sana. Mita imechezewa?

Huenda haijaguswa. Tangazo husema "nauli imepanda", lakini mita ina bei tatu ndani yake: ya kuanzia, ya kilomita, na ya dakika gari likisimama au likitambaa. Kila mojawapo humuumiza mtu tofauti.

Tuseme kuanzia ni 3, kilomita ni 1, dakika ni 0.25. Safari ya kilomita 3 bila foleni ni pointi 6. Ya kilomita 15 ni 18. Bei ya kuanzia ikipanda hadi 4.5, ile fupi inakuwa 7.5, ongezo la asilimia 25, na ile ndefu 19.5, kama asilimia 8 tu. Badala yake kilomita ikipanda hadi 1.2, fupi inakuwa 6.6, asilimia 10, na ndefu 21, karibu asilimia 17. Jirani anakwenda sokoni, wewe unavuka mji, mita ni moja.

Bei ya dakika ndiyo watu wasiyoiona. Mita nyingi huhesabu ama umbali ama muda, kutegemea kipi kinaingiza haraka zaidi wakati huo. Mpaka baina ya viwili hivyo ni mwendo fulani: chukua bei ya saa nzima, gawanya kwa bei ya kilomita. Dakika kwa 0.25 ni 15 kwa saa; gawanya kwa 1, mpaka ni kilomita 15 kwa saa. Wakipandisha dakika hadi 0.4 na kilomita wakaiacha, mpaka unasogea hadi 24. Mwendo wa kilomita 20 kwa saa, ambao jana ulihesabiwa kwa umbali, leo unahesabiwa kwa saa. Abiria wa foleni ya asubuhi huipata hii shingoni bila kuelewa imetoka wapi.

Anayekwenda kazini kila siku ana nafasi ya kujiokoa hapo. Kwa wiki mbili andika saa ya kuondoka, dakika gari lilizosimama, na nauli. Safari ya kilomita 8 yenye dakika 10 za kusimama, kwa bei mpya ya dakika, ni 3 na 8 na 4, jumla 15. Ukiondoka mapema ukasimama dakika 3 tu, ni 12.2. Mkipanda watatu wa njia moja, bei ya kuanzia inalipwa mara moja tu, na hapo ndipo wa safari fupi wanapookoa zaidi. Patanani kabla ya kuingia nani anashuka wapi, maana kila mchepuko wa kumshusha mtu unalipiwa na waliobaki.

Dereva anasema mita yake bado ina bei ya zamani, kwa hiyo anaongeza kwa kichwa. Nilipe?

Kama mamlaka imetoa jedwali la kipindi cha mpito, yaani mita ikisema hivi ulipe hivi, aoneshe jedwali. Kama halipo, lipa inachosema mita. Kuongeza kwa kichwa kila mara huishia kwenye namba ya mviringo, na namba hiyo haijapata kuzungushwa kwenda chini.

Nimebadilishiwa bei kwenye mita. Tangu hapo abiria wawili wamelalamika kwamba inakimbia, na mwenzangu mwenye gari kama langu analalamika yake inachelewa. Fundi anasema bei ziko sawa. Tatizo liko wapi?

Fundi anaweza kuwa mkweli. Bei ni kitu kimoja, kipimo cha umbali ni kingine. Mita haijui kilomita. Inahesabu mipigo kutoka kwenye gia boksi au sensa ya gurudumu, na ndani yake imeandikwa mipigo mingapi ni kilomita moja. Namba hiyo ikiguswa kwa bahati mbaya wakati wa kuingiza bei, au matairi yakibadilika, umbali unaharibika hata bei zikiwa sahihi.

Tairi la saizi ya 185/65 R15 likiwa jipya lina kipenyo cha milimita 621.5, nalo husogeza gari mita 1.95 kwa mzunguko. Likilika milimita 6 za kashata, yaani meno ya tairi, kipenyo kinapungua milimita 12, gurudumu linazunguka zaidi kwa kila kilomita, na mita inasoma karibu asilimia 2 zaidi. Mwenzako akifunga 195/65 R15, kipenyo kinakuwa 634.5, na mita yake inasoma karibu asilimia 2 pungufu. Anapoteza safari moja katika kila 50 bila kugombana na mtu.

Pima hivi. Jaza upepo kwa kiwango kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango. Tafuta barabara iliyonyooka yenye kilomita moja iliyopimwa kwa uhakika. Washa mita, vuka kwanza umbali uliomo ndani ya bei ya kuanzia, kisha endesha kilomita ile kwa mwendo ulio juu ya mpaka tuliousema, usije ukapima saa badala ya umbali. Rudia mara tatu, chukua wastani. Halafu simama dakika 10 kwa saa ya simu: kwa bei ya 0.25 lazima iongezeke 2.5. Kumbuka mita hupanda kwa vidaraja, hivyo tofauti ya kidaraja kimoja si kosa. Umbali ukikosea na muda ukawa sawa, tatizo ni matairi au namba ya mipigo. Vyote viwili vikikosea kwa uwiano ule ule, bei imeingizwa vibaya. Muda ukiwa sawa mchana na bei ikawa ya ajabu jioni, angalia saa ya ndani ya mita. Huenda inaingia bei ya usiku kabla ya wakati.

Usifungue lakiri, yaani muhuri wa mita, mwenyewe, hata kama fundi ni ndugu yako. Mita isiyo na lakiri haikulindi mbele ya mkaguzi, na abiria akishitaki huna cha kuonesha. Mwombe fundi akuandikie namba ya mipigo kabla na baada ya kazi, kisha mita ifungwe lakiri upya na anayehusika.

Mimi napata abiria kwa programu ya simu. Bei zimepanda, ila safari zenye nauli kubwa hazinipi chochote. Nichague vipi?

Usiangalie nauli. Toa kamisheni, yaani fungu la wenye programu, kisha gawanya kwa kilomita zote, pamoja na za kumfuata abiria. Nauli 12, kamisheni asilimia 20, unabaki na 9.6; kumfuata kilomita 4, safari 6, ni 0.96 kwa kilomita. Nauli 9 inakuachia 7.2, kumfuata kilomita 1, safari 5, ni 1.2. Ya pili ndiyo yako. Kama inakupeleka mahali ambapo huwa unarudi tupu, jumlisha na kilomita za kurudi kabla hujabonyeza.