Je, eksirei yatosha kuthibitisha kwamba pingili za mgongo zimeunga?

SWALI: Daktari, mimi ni mkulima wa viazi huku Molo. Miezi saba iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kuunganisha pingili mbili za kiunoni, nikatiwa skrubu. Nilipigwa eksirei mjini Nakuru. Daktari mmoja akasema mfupa umeshaunga, mwingine akaitazama picha iyo hiyo na kusema bado, kisha akaniagiza skani ya CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili kipande kwa kipande), ambayo ni ghali. Maumivu yamepungua, ila hayajaisha. Nimwamini nani?

JIBU: Ndugu msomaji, madaktari hao wanaweza kutofautiana bila yeyote kuwa mzembe. Eksirei huonyesha mifupa, vyuma na matumbo vikiwa vimepandana katika picha moja bapa, na daraja jembamba la mfupa mpya hufichika humo kwa urahisi. Katika tafiti za mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambapo picha za wagonjwa zililinganishwa na hali iliyokutwa walipopasuliwa tena, eksirei ilipatana na ukweli kwa takriban theluthi mbili tu ya wagonjwa.

Ubora wa eksirei ni kufichua mambo yaliyoharibika: skrubu iliyovunjika, au weusi unaoizunguka skrubu iliyolegea. Kwa hiyo "umeshaunga" ya miezi saba ningeisoma kama "hakuna dalili ya kuharibika", basi. Hata picha za kuinama na kujinyoosha, ambazo hupima iwapo pingili bado zinasogea, zina udhaifu wake, kwa sababu ubao uliopigiliwa misumari hautikisiki hata kama gundi haijakauka.

Skani ya CT ya vipande vyembamba, inayotazamwa kutoka mbele na ubavuni, ndiyo huonyesha vizuri zaidi kama mfupa umevuka kutoka pingili moja hadi nyingine. Vyuma huichafua kidogo, titani ikiwa na nafuu kuliko chuma cha pua, na mionzi yake huizidi ile ya eksirei. Isitoshe, mfupa hukomaa polepole, na skani ya mapema yaweza kuonyesha pengo ambalo lingejiziba lenyewe; ndiyo maana wapasuaji wengi husubiri karibu mwaka mzima.

Kuna wagonjwa ambao mfupa wao haukuunga na hawaumwi, na wengine uliunga barabara lakini wanaumwa. Muulize basi daktari aliyekuagiza: majibu ya skani yatabadilisha nini katika matibabu yangu? Ikiwa hayabadilishi kitu, mimi ningesubiri. Lakini maumivu yakirudi baada ya nafuu, au skrubu ikionekana kulegea, gharama hiyo ina sababu. Mguu ukipoteza nguvu au mkojo ukikataa kuzuilika, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kama unavuta sigara, acha, kwa kuwa nikotini huchelewesha mfupa kuunga; na magunia usiyabebe kabla ya mpasuaji wako kukuruhusu.

SWALI: Je, MRI (skani ya sumaku) haiwezi kuchukua nafasi ya CT? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Kwa kawaida hapana. MRI hutumika zaidi kuchunguza neva, diski na maambukizi, na vyuma huivuruga. Picha yoyote utakayoagizwa, beba zote za awali, kwa maana mtaalamu wa radiolojia hutambua mengi zaidi anapolinganisha ya leo na ya mwezi wa tatu baada ya upasuaji.