Serikali haimlipi mke anayeuguza

Dada, umeuliza kutoka Bombo, Uganda: mume wako anawekewa figo Uingereza mwezi ujao, shemeji yako ndiye anayetoa, viza ya kumfuata umeipata, na hapo nyumbani wanakwambia serikali humlipa mke anayeuguza, kwa hiyo ukifika tu uanze kutuma ada za shule.

Hilo la kulipwa lifute leo. Posho ya muuguzaji ipo, mwaka 2025 ilikuwa pauni 83.30 kwa wiki, lakini viza ya mwenza hukataza fedha za umma. Ukiiomba unahatarisha karatasi zako. Mumeo, kama ameajiriwa, ana malipo ya ugonjwa ya kisheria: pauni 118.75 kwa wiki mwaka huo wa 2025, yasizidi wiki 28. Kodi ya chumba London huyameza yote. Wewe ukipata kazi, likizo ya kuuguza ni wiki 1 kwa mwaka, bila mshahara. Mwambie mama mkwe kabla hujapanda ndege: miezi mitatu hakuna hela. Ya mtoto wako mwenyewe tuma, hata kidogo. Ya harusi na ya paa la mjomba, hapana.

Wodini hakuna kulala mkekani chini ya kitanda wala kupeleka uji kwenye chupa. Siku 5 hadi 10 manesi wanafanya hayo yote. Usiku nenda kalale, utahitaji nguvu akirudi nyumbani. Kazi yako ni daftari: uzito wa asubuhi, mkojo wa siku, na kreatinini, yaani taka ya damu inayoonyesha figo inavyofanya kazi. Figo ya mtu aliye hai kwa kawaida huanza kazi papo hapo, na kreatinini hushuka siku hadi siku. Ikikwama au ikipanda, uliza, hata kama Kiingereza chako kinasitasita.

Kosa kubwa hutokea nyumbani, asubuhi ya kliniki. Takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo, humezwa kila baada ya saa 12, tuseme saa tatu asubuhi na saa tatu usiku. Siku ya kipimo asiimeze mpaka damu itolewe. Mbebee kidonge mfukoni. Wanapima dawa ikiwa chini kabisa mwilini. Akimeza kwanza, kipimo kitaonyesha nyingi mno, daktari atapunguza dozi, na mwili utaanza kuishambulia figo. Mwezi wa kwanza kliniki ni mara 2 au 3 kwa wiki, basi nafasi ya kukosea ni nyingi. Famasi ikikupa takrolimasi ya kampuni nyingine, usiipokee kabla ya kuwapigia wahusika wa kliniki.

Mululuza, ule mti mchungu wa dawa, usibebe. Najua mama mkwe atauficha kwenye sanduku, utoe. Dawa za miti zinaweza kuvuruga kiwango cha takrolimasi, na balungi hukipandisha. Maumivu ni panadol, si diklofenaki wala ibuprofeni. Maziwa yachemshwe. Joto la 38, kilo moja kuongezeka kwa siku, mkojo kupungua, maumivu pale figo ilipowekwa, chini ya tumbo upande mmoja: piga simu saa hiyo hiyo, usingoje kukuche.

Prednisoloni, dawa nyingine ya kuilinda figo, humnyima mtu usingizi, humtia njaa na hasira. Akikufokea usiku wa manane, vumilia, dawa ina mkono wake. Lakini dawa haimpi ruhusa ya kukutukana kila siku; ikizidi mwambie nesi wa kliniki, bila aibu.

Na shemeji yako naye ametoka kupasuliwa. Asinyanyue mizigo mizito karibu wiki 6, na yeye pia diklofenaki aiache. Akirudi Bombo hataweza kubeba jerikeni wala kushika jembe, na mshahara wake utakuwa umekatika. Kikao cha ukoo kianze kumchangia yeye. Safari hii hela itoke huko.