Barua za Wasomaji: Pointi za Sheli na Maili za Kazini

SWALI: Nafanya kazi ya kea hapa Leicester, nazungukia wazee nyumba hadi nyumba kwa gari langu mwenyewe. Wenzangu wana kadi za pointi za kila sheli, mimi sina hata moja. Nichukue ipi? Ofisi inanilipa peni 25 kwa maili.
Mama wa wawili, Leicester

JIBU: Dada yetu, chukua mbili, Nectar na Clubcard ya Tesco. Zote ni za bure na zote zinakaa ndani ya simu. Ila usitegemee makubwa. Nectar inatoa pointi 1 kwa lita kwenye sheli za Esso na za Sainsbury's, na pointi 200 ni pauni 1. Tesco wanatoa pointi 1 kwa kila lita 2, lakini pointi yao moja ni peni 1. Piga hesabu uone: pande zote mbili ni nusu peni kwa lita. Ukijaza lita 40 umepata peni 20, uende huku au kule.

Ndiyo maana tunasema chagua sheli kwa bei kwanza, pointi zije nyuma. Tuseme gari lako linakwenda maili 45 kwa galoni, yaani kama maili 10 kwa lita, na lita ni £1.35. Ukipinda maili 3 kufuata sheli yenye kadi yako, umeshachoma peni 40 kupata peni 20. Kinyume chake, sheli iliyo njiani kwako ikiwa na bei ya chini kwa peni 3 tu, lita 40 zinakuokolea £1.20. Programu ya PetrolPrices inaonyesha bei za mtaa mzima. Iangalie usiku kabla ya zamu, wala si taa ya mafuta ikishawaka, maana hapo utajaza popote utakapofika. Na sheli za kwenye motowei zikimbie: huko lita huzidi bei ya mjini kwa peni 20 na zaidi, na hakuna pointi zinazoweza kuziba pengo hilo.

Petroli ya daraja la juu nayo isikuvute kwa pointi za ziada. Bei yake mara nyingi inazidi ya kawaida kwa peni 10 au zaidi kwa lita. Kama kitabu cha gari hakikuiagiza, weka ya kawaida.

Penye faida kidogo ni kwenye ofa zinazotumwa kwa programu ya simu, pointi mara mbili au mara tatu kwa wiki fulani. Wengi wanazikosa kwa sababu ofa lazima uiwashe mwenyewe ndani ya programu kabla ya kujaza. Ukiiwasha baada ya kulipa, haihesabiwi. Kadi nayo iskani kabla ya kulipa. Kwenye pampu ya kujilipia mashine inaomba kadi ya pointi mapema, na ukiruka hatua hiyo hairudi nyuma.

Kuna tabaka la pili juu ya pointi: kadi ya mkopo inayorudisha asilimia. Ikirudisha asilimia 1, kila lita ya £1.35 inakupa peni 1.35, karibu mara tatu ya pointi, na bado unaskani Nectar au Clubcard yako kama kawaida. Sharti ni moja, ulipe deni lote kila mwezi. Ukibakiza salio, riba ya mwezi mmoja inaweza kumeza faida ya mwaka. Kama unatumia kadi ya benki ya kawaida kwenye pampu ya kujilipia, jua kwamba benki inaweza kuzuia £100 au zaidi kwa muda hadi malipo halisi yapite. Akaunti ikiwa na £60 kadi inaweza kukataliwa, hata kama ulitaka mafuta ya £20. Siku kama hiyo ingia ndani ulipe kaunta.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hukuliuliza, na ndilo lenye pesa. Ofisi inakulipa peni 25 kwa maili. Kiwango cha HMRC, yaani mamlaka ya kodi ya Uingereza, kwa gari lako mwenyewe ni peni 45 kwa maili 10,000 za kwanza za mwaka wa kodi, kisha peni 25 kwa zinazozidi. Mwajiri halazimiki kukulipa 45, lakini ile tofauti ya peni 20 una haki ya kuidai nafuu ya kodi. Chukua maili 6,000 kwa mwaka: peni 20 mara 6,000 ni £1,200, na kwa anayekatwa kodi ya asilimia 20 zinamrudia £240. Maili hizohizo zinakula kama lita 600, ambazo kwa pointi ni £3. Pauni tatu kwa mia mbili na arobaini! Inatuuma kuona watu wanaosukuma magari yao usiku na mvua wakihangaikia hizo tatu na hizi nyingine hawazijui.

Unadai kwa fomu ya P87, ya bure, kupitia HMRC wenyewe. Unaweza kurudi nyuma miaka minne ya kodi. Madai yakipita £2,500 kwa mwaka inabidi ujaze ritani ya kodi. Kama mwaka huo mapato yako hayakufikia kiwango cha kukatwa kodi, hakuna cha kurudishiwa. Jihadhari na mawakala wanaojitangaza mitandaoni: wengine wanakata fungu kubwa la pesa yako kwa kujaza fomu ambayo ungeijaza mwenyewe.

Kinachoangusha madai mengi ni daftari. HMRC wanataka ushahidi: tarehe, postikodi ya ulikotoka, postikodi ya ulikofika, maili, na sababu ya safari. Andika siku hiyohiyo, kwenye simu au karatasi. Rota ya kazi inasaidia kukumbuka, lakini haitoshi peke yake. Safari kutoka mzee mmoja hadi mwingine inahesabiwa. Safari ya kutoka nyumbani kwenda mahali pako pa kudumu pa kazi haihesabiwi. Risiti za mafuta huzihitaji kwa hesabu hii, kwa sababu peni 45 zimeshabeba mafuta, tairi, bima na uchakavu.

Na tukishataja bima: bima ya kwenda na kurudi kazini haikufuniki unapozungukia wateja. Pigia kampuni yako, uliza kama bima yako ina matumizi ya kazi. Ongezeko mara nyingi ni dogo, na bila hilo siku ya ajali unabaki peke yako.

SWALI: Naendesha teksi ya programu Nairobi. Bei ya mafuta inapangwa na EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, stesheni zote naona ni sawa tu. Si basi niende penye pointi?
Dereva, Kasarani

JIBU: Hapana kaka, si sawa zote. EPRA wanatangaza bei ya juu kabisa kila tarehe 14, inaanza kutumika tarehe 15. Hiyo ni dari. Hakuna anayekatazwa kuuza chini yake, na stesheni ndogo zinazogombania matatu na teksi mara nyingine hushusha shilingi moja au mbili.

Soma masharti ya kadi unayopewa na utafute namba mbili: pointi ngapi kwa lita, na pointi moja ni shilingi ngapi unapoitumia. Zizidishe. Tuseme zinatoa senti 50 kwa lita, nawe unatumia lita 14 kwa siku, siku 26, yaani lita 364. Hizo ni shilingi 182 kwa mwezi. Stesheni iliyo chini ya dari kwa shilingi 1.50 inakupa 546. Tangazo la tarehe 14 likionyesha bei inapanda, jaza jioni hiyo. Ikishuka, weka ya kukufikisha kesho tu.

Ukichukua kadi, kuna udanganyifu mmoja wa kuuangalia: namba ya simu inayoingizwa kwenye mashine isiwe ya mhudumu. Itaje mwenyewe, usome risiti, na kama mpango wao unatuma ujumbe, usubiri uingie kabla hujawasha gari. Na kabla hata ya pointi, hakikisha pampu imeanza kwenye sifuri.

SWALI: Mafuta ya lori nalipia kwa pesa ya kampuni, pointi zinaingia kwenye namba yangu. Bosi akijua?
Dereva wa masafa, Dar es Salaam

JIBU: Mwambie wewe kabla hajajua, na akikubali akuandikie. Pesa ni yake, hivyo bila ruhusa yake pointi hizo zitakuja kusomeka kama wizi siku mtakayokosana. Usiongeze hata lita moja kwa ajili ya pointi, maana lita kwa kilomita ndiyo hesabu ya kwanza atakayoikagua. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ichukue kila unapojaza, uandike nyuma yake namba ya gari na kilomita za kwenye dashibodi. Na mpe bosi wazo hili: anayenunua maelfu ya lita kwa mwezi ana uwezo wa kuomba punguzo la kila lita kwa mkataba na kampuni ya mafuta, chini ya bei kikomo ya EWURA, wadhibiti wa nishati wa Tanzania. Punguzo hilo litazidi pointi, na unaweza kumwomba sehemu yake iingie kwenye posho yako ya safari.