Kilo Tisa kwa Wiki Tatu, na Gauni Tayari Limekatwa

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, na kazi yangu ni kuanika na kuuza dagaa hapa Igombe, Mwanza. Mdogo wangu anaolewa baada ya wiki sita, nami nimemwambia fundi akate gauni langu la sare kwa kipimo cha mwili nitakaokuwa nao siku hiyo. Kwa wiki tatu sasa asubuhi nakunywa maji ya moto yenye limao, mchana nakula tango au tikiti, na usiku nakunywa chai ya majani ya kupunguza mwili, ambayo huniendesha mpaka alfajiri. Nimepungua kilo 9. Miezi mitatu iliyopita nilifanya hivyo hivyo nikapungua kilo 6, zikarudi 8. Sasa nikiinama kugeuza dagaa kisha nikasimama, giza linatanda machoni, usiku misuli ya miguu inakaza, na nywele zinabaki kwenye kitana. Jumapili, baada ya kula sambusa mbili kwenye kikao cha harusi, nilishikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia yaliyodumu karibu saa nzima. Je, niendelee nimalizie kilo 6 zilizobaki?
Mama wa Igombe

JIBU: Marahaba, mama. Usiendelee, na chai hiyo iache leo.

Nianze na maumivu ya Jumapili, ingawa wewe umeyataja mwishoni, kwa sababu ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi. Mtu anapopungua kwa kasi, ini humimina kolesteroli nyingi zaidi kwenye nyongo, na kwa kuwa chakula chake hakina mafuta, mfuko wa nyongo haupati sababu ya kujikamua, hivyo nyongo hutuama na kuganda kuwa vijiwe. Hatari hiyo huongezeka waziwazi mtu anapopoteza zaidi ya kilo 1.5 kwa wiki, nawe umepoteza 3. Siku mfuko huo unapopata sambusa yenye mafuta, hujikamua kwa nguvu, na kijiwe kikiziba mlango, maumivu huja kama ulivyoyaeleza. Siwezi kusema kwa barua kwamba una vijiwe. Kipimo cha ultrasaundi kitaonyesha, kwa hiyo nenda wiki hii. Ukipata homa, au macho yakawa ya njano, au mkojo ukawa na rangi ya chai nzito, usisubiri kesho.

Sasa hizo kilo 9. Wewe unajua kuliko mimi kinachotokea dagaa wabichi wanapomwagwa kwenye kichanja asubuhi na kuzolewa jioni: uzito umeshuka mno, lakini hakuna mnunuzi wa mwalo wa Kirumba atakayekuambia kwamba mafuta ya dagaa ndiyo yaliyopungua. Mwili nao hutunza akiba ya sukari kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika takriban gramu 3 za maji. Usipokula, akiba huisha na maji yake hutoka, na mizani hukufurahisha bure. Chai ya kuharisha huongeza udanganyifu huo, kwani hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati nguvu ya chakula imekwisha kufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, kwa hiyo unachopoteza ni maji na madini, hasa potasiamu. Potasiamu ikipungua, misuli hukaza kama inavyokaza miguu yako, na moyo unaweza kupiga bila mpangilio.

Moyo wenyewe ni msuli, na mwili usiopata protini hula misuli yake. Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, baadhi ya watu walioishi kwa vinywaji vya protini pekee ili wapungue haraka walikufa ghafla kwa sababu mapigo ya moyo yalivurugika. Na hao walau walikuwa wanakunywa protini, ingawa ya hali duni. Inanisikitisha kidogo kwamba mtu anayeshika dagaa kwa mikono miwili kutwa nzima anarudi nyumbani kula tango.

Nywele unazoziona kwenye kitana huenda zinatokana na mfungo wako wa kwanza, maana nywele hukawia miezi miwili au mitatu kuonyesha njaa iliyopita. Nyingi zitaota tena ukila vizuri, lakini za mfungo huu bado hazijaanza kutoka. Kuhusu kilo 8 zilizorudi, usijilaumu kwamba ulikosa msimamo. Mwili ulioshindishwa njaa hupunguza matumizi yake na kuongeza hamu ya kula, kisha chakula kinaporejea hujaza mafuta kabla ya kujenga upya misuli.

Kupungua salama ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Rudi kula mara tatu, ukianza kwa kiasi kidogo. Ugali usizidi ukubwa wa ngumi yako. Dagaa wachemshwe kwa nyanya na kitunguu badala ya kukaangwa, matembele au mlenda ujaze nusu ya sahani, na soda ya mchana iondoke. Mpaka upimwe, epuka vyakula vya kukaanga. Kama unatumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu, mweleze daktari wako ulivyokuwa unakula, kwa kuwa dozi huenda ikahitaji kubadilishwa.

Sehemu ya kilo hizo 9 itarudi siku chache baada ya kuacha chai. Ni maji, usiyakimbie. Hivyo gauni lililokatwa kwa mwili mwingine halitakutosha siku ya harusi. Fundi makini huacha kitambaa cha akiba kwenye mishono ya ubavuni, basi mpitie kesho kabla hajakipunguza, akupime upya ulivyo.