Chukudu yangu inaelea juu ya jiwe, nifanyeje?

Swali: Kaka fundi, natengeneza afishi ya A3 ya kwaya yetu hapa Goma. Nimechora umbo la chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, nikaweka picha ya waimbaji ndani yake, na nyuma kuna picha ya ukuta wa mawe ya volkano. Nimetia filta ya rangi za mafuta, ya ukungu na ya kivuli, lakini chukudu bado inaonekana kama karatasi iliyobandikwa. Nataka ionekane imechorwa kwenye jiwe lenyewe. Natumia GIMP, programu ya kuhariri picha.

Jibu: Dada yangu, kwanza ondoa kivuli. Kivuli ndicho kinachoinyanyua chukudu kutoka ukutani, kwani rangi iliyopakwa kwenye jiwe haina kivuli chini yake. Filta ya rangi za mafuta nayo itoe. Inakula macho na midomo, na hakuna mwimbaji atakayefurahi kutotambulika kwenye afishi ya kwaya yake.

Umbo lenyewe pia linakuonea. Chukudu ikitazamwa ubavuni ni ubao mwembamba, usukani mfano wa pembe na magurudumu mawili. Ukiwapanga watu kwenye ubao, unakata vichwa. Mimi ningeikuza hadi gurudumu la mbele lichukue karibu nusu ya afishi, nyuso zikae humo, na ubao na usukani vibaki rangi moja tupu.

Sasa ukingo, maana hapo ndipo penye shida. Wako ni laini kama wembe, na jiwe la volkano yetu ya Nyiragongo limejaa matundu. Piga picha ya ukuta asubuhi au jioni, jua likija kwa ubavu. La saa sita mchana hufuta vivuli vyote. Igeuze iwe ya kijivu, ongeza tofauti ya mwanga na giza, kisha ipitishie filta ya ukungu, Gaussian Blur, kidogo, punje ndogo zipotee, mashimo na nundu zibaki. Ipe vipimo sawasawa na vya afishi. Hiyo ndiyo ramani ya Displace, filta inayosogeza pikseli, nayo huisoma hivi: kijivu cha katikati, kama 128 kati ya 0 na 255, hakisogezi kitu, panapong'aa pikseli husukumwa upande mmoja, penye giza upande wa pili.

Usiielekeze Displace kwenye picha ya waimbaji, pua zitapinda. Lifanye umbo la chukudu kuwa maski ya tabaka (layer mask) la waimbaji, nyeupe ndani inayoonyesha picha, nyeusi nje inayoificha. Nakili tabaka hilo liwe akiba, bofya maski, ndipo uite filta. Anza na 10 hivi kwa ulalo na kwa wima, uongeze taratibu. Utaona ukingo unaingia kwenye matundu huku nyuso zikibaki salama.

Halafu weka ile picha ya kijivu juu kabisa kwa hali ya Multiply, inayochanganya tabaka na lile la chini yake, ikiwa na nakala ya maski ileile. Angalia hapa: Multiply haiwezi kung'arisha. Nyeupe haibadilishi kitu, rangi nyingine zote hupunguza mwanga, kwa hiyo ngozi zetu nyeusi zitazama gizani. Chukua brashi laini nyeusi, nguvu yake (Opacity) ikiwa ndogo, upitishe kwenye maski ya jiwe pale penye nyuso. Jiwe libaki kwenye nguo na pembezoni.

Haya yote yafanye kwenye vipimo vya mwisho. A3 kwa 300 dpi (nukta kwa inchi) ni pikseli 3508 kwa 4961, na nguvu ya filta huhesabiwa kwa pikseli: ukungu wa 5 unaolemea picha ya pikseli 800, kwenye A3 hauonekani sana. Na hao wanaokutumia picha kwa WhatsApp, waambie wazitume kama hati, la sivyo zitafika zimebanwa.

Ukiwa na GIMP 3.0, iliyotoka Machi 2025, filta za kwenye tabaka hubaki hai na unaweza kuzirekebisha hata kesho. Kwenye 2.10 ukishakubali, imekwisha. Hifadhi kwa XCF, faili la GIMP lenyewe, kila baada ya hatua, maana umeme wetu unaujua.

Mchapishaji mpe PDF, na umwombe akutolee kwanza jaribio la gurudumu peke yake kwenye A4.