"Put off" haiweki kitu popote

Dada, umeuliza kwa nini "put" ni kuweka halafu "put off" haina uhusiano wowote na kuweka. Hicho kijineno cha nyuma ndicho kinachogeuza maana yote. Fikiria "piga" yetu: mtu anapiga pasi, anapiga simu, anapiga mswaki, na hakuna aliyeumia. Mgeni akitafsiri neno moja moja hapo, amepotea.

Basi "put off" ni kuahirisha, "put out" ni kuzima moto au sigara, "put up with" ni kuvumilia. Mimi "put off" ilinifunza adabu. Niliandikiwa kazini "the meeting has been put off", nikadhani kikao kimepangwa. Nikadamkia daladala, kufika nakuta ukumbi una kufuli na mlinzi ananishangaa.

Usikariri "put" zote kwa siku moja, zitakuchanganya (mimi zilinichanganya). Chukua moja pamoja na sentensi yake nzima, mfano "I can't put up with this noise".

Halafu kuna hapa tunapoteleza wengi: "it" hukaa katikati. Ni "put it off", si "put off it". Ukitaja kitu chenyewe uko huru, "put off the meeting" au "put the meeting off", zote sawa. Ila "put up with" haikatwi: "put up with it". Kwenye barua rasmi, badala ya "put off" mimi huandika tu "postpone", maana ni ileile ya kuahirisha.