Kabla Hujatuma Kisa Chako Kwenye Shindano

Insha iliyonipatia zawadi yangu ya kwanza ndiyo iliyomfanya dada yangu asiniongeleshe kwa miezi minne.

Nilikuwa na miaka 15. Shindano lilitaka wanafunzi tusimulie siku ambayo hatutaisahau, nami nikasimulia siku dada alipopata matokeo yake ya mtihani. Aliikunja ile karatasi mara nne, akaisokomeza ndani ya kiatu cha shule, akatembea nayo wiki nzima akichechemea kidogo huku akituambia matokeo hayajatoka. Jina lake sikulitaja. Niliandika "dada yangu" tu, na dada ninaye mmoja. Siku ya zawadi insha ikasomwa kwenye kipaza sauti, naye amekaa safu ya tatu. Sikuthubutu kumtazama. Niliwaona wenzake tu, wakigeuka mmoja baada ya mwingine.

Nayasema haya kwa sababu kila msimu wa mashindano ukifika, wanafunzi huniuliza swali lilelile: niandike nini ili nishinde? Hakuna aliyewahi kuniuliza kisa anachotaka kukituma ni cha nani.

Kushinda kwenyewe kunategemea mambo machache. Nimewahi kuombwa kusaidia kusahihisha insha za namna hii, na nakuhakikishia ukishafika insha ya ishirini, macho yanaanza kuruka mistari. "Ilikuwa siku ya Jumatatu, jua likichomoza kwa madaha..." Basi, nishajua tunakoelekea. Halafu kuna misiba. Wanafunzi wameambiwa, sijui na nani, kwamba bila machozi hakuna alama, kwa hiyo wanawaua ndugu zao ovyo. Kuna mama mmoja alifariki katika aya ya pili, tena kwa uchungu kwelikweli, kisha akaja mzima wa afya kupiga picha na mwanawe siku ya kupokea vyeti. Kama yamekufika kweli na uko tayari kuyasema, yaseme. Ila usiende kutafuta jeraha kwa ajili ya shindano. Insha niliyoipa alama za juu kuliko zote ilihusu mtoto aliyejifanya haoni ubaoni, kwa sababu alitamani miwani kama ya rafiki yake.

Nafasi pia ni finyu kuliko unavyodhani. Gazeti la New York Times liliwahi kuendesha shindano la visa vya kweli vya wanafunzi lenye kikomo cha maneno 600, na baadaye likaleta la maneno 100 tu. Maneno 600 hayabebi maisha yako tangu kuzaliwa. Yanabeba mchana mmoja, pengine nusu yake. Chagua dakika ambayo jambo lilibadilika, uanzie hapo hapo, na habari za kuamka, kupiga mswaki na kuwaaga wazazi uziache nyumbani.

Soma mwaliko wenyewe pia, kwa maana mashindano hayafanani. Lile la Umoja wa Posta Duniani, lililoanza mwaka 1971 kwa watoto wa miaka 9 hadi 15, linataka barua, na barua lazima iwe na mtu inayemwendea. Ukipeleka insha ya kawaida umejitoa mwenyewe. La Jumuiya ya Madola, ambalo lipo tangu 1883, huja na mada zake, na kisa chako hakina budi kuijibu mada, hata kiwe kitamu vipi. Kwenye masharti tafuta mambo mawili: nani atamiliki maandishi yako baada ya kuyatuma, na kama yatachapishwa na jina lako kamili. Ukiona unadaiwa ada kubwa ya kushiriki, au umeambiwa umeshinda lakini ununue kitabu ndipo uione insha yako, achana nao.

Turudi kwa dada, maana hapo ndipo nilipokosea na ndipo naona wengi wakikosea. Kosa halikuwa kumwandika. Ndugu zetu wamo ndani ya visa vyetu, utawatoaje? Kosa la kwanza ni kwamba hakuisoma kabla. Ningemkalisha nikamsomea kwa sauti, ningeona uso wake unapobadilika, na pale pale ningekata. Na angekataa kabisa, basi ningetafuta kisa kingine.

La pili nililitambua baadaye sana. Nilikuwa nimeandika nusu yake nikaiacha nusu yangu. Mimi niliiona ile karatasi siku ya kwanza kabisa, viatu vikiwa mlangoni. Niliikunjua, nikaisoma, nikaikunja vilevile na kuirudisha. Wiki nzima nikamwangalia akichechemea, sikusema neno. Kwa nini? Kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akisifiwa nyumbani kwa akili, na kwa siku saba nilikuwa na siri iliyonifanya nijione mrefu kuliko yeye. Hicho ndicho kilikuwa kisa changu. Kuandika aibu yake kulikuwa rahisi, hakukunigharimu kitu.

Kwa hiyo ukimaliza rasimu, pitia kila sentensi inayomtia mtu mwingine aibu, kisha ujiulize wewe ulikuwa wapi wakati huo na ulikuwa unafanya nini. Mara nyingi insha yenyewe imejificha hapo.

Mwaka jana niliiandika upya, si kwa shindano lolote, nikampelekea. Aliisoma kimya mpaka mwisho, akarudi ukurasa wa kwanza, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Umeandika kiatu cha kulia," akasema. "Kilikuwa cha kushoto."